Spika Tulizomnunulia Baba

Spika niliyoifungua haikuwa na spika ndani. Ilikuwa na zege.

Nasema zege hili hili la kujengea. Donge moja limegandishwa kwenye kona ya boksi la mbao na kupakwa rangi nyeusi lisionekane. Waya wa nyuma ulikuwa haujaungwa na chochote. Umeingia kwenye tundu, ukapigwa fundo, basi.

Na ilikuwa mpya. Ya dukani, kwenye katoni ambayo haijafunguliwa. Aliichagua kaka yangu, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mcheke vizuri.

Mimi nauza mitumba. Mashati, magauni, mapazia. Kaka yangu anauza simu kwenye duka lenye kiyoyozi, na kwa sababu ya kile kiyoyozi anajiona mhandisi. Mtaani wanamwita Mtaalamu. Walianza kwa utani, yeye akalichukua kama cheo.

Baba yetu ni fundi viatu. Mama alishatangulia, kwa hiyo baba anaishi na mimi na wanangu. Kazi anaifanyia kibarazani mbele ya nyumba, akiwa na kiti chake, kisu chake, ngozi zake na ile sindano nene ya kushonea soli. Akimaliza anaingia sebuleni kutazama mpira na tamthilia. Hana starehe nyingine.

Sasa mwaka huo akaanza maswali.

"Nani kafunga?"

"Huyo aliyeingia ni nani?"

"Mbona wamenyamaza?"

Kila dakika. Akavuta kiti mpaka karibu kabisa na televisheni. Tukiongeza sauti, bado anauliza. Wanangu wakachoka kumjibu, na mimi pia nilichoka, sitajifanya mwema hapa. Siku moja nikamjibu kwa ukali, "Baba, si mtangazaji amesema sasa hivi?"

Akajishika sikio. "Masikio haya, mwanangu. Yamezeeka."

Tangu siku ile akaacha kuja sebuleni. Akitoka kibarazani anapitiliza chumbani, anakaa kitandani peke yake. Mlango anauacha wazi. Iliniuma sana. Nikampigia kaka nikamwambia mzee anatuhama akiwa humu humu ndani, tumtafutie sabufa yenye spika nzuri, ya bei ya kawaida, tumrudishe kwenye kiti chake.

"Tununue mpya," kaka akasema. "Kitu kilichotumika kina siri za watu."

"Hata shati ulilovaa lina siri za watu. Umelitoa kwangu."

Hakucheka. Mtaalamu hachekeshwi na watu wa mitumba.

Tukaenda dukani. Ukuta mzima spika, kila moja ina taa zinazozunguka rangi. Muuzaji alimpima kaka kwa jicho moja akajua amepata mtu. Akamwambia, "Nyanyua mwenyewe, bosi."

Kaka akanyanyua. Uso ukamng'aa.

"Unausikia uzito huu? Vyepesi vyote ni vya kitapeli."

Eti sauti inapimwa kwa kilo. Na siyo yeye tu, ndugu zangu, mtaa mzima unanunua hivyo. Mtu anabeba spika, anaguna, anasema hii mali. Sijui nani alitufundisha kununua muziki kama tunanunua viazi.

Muuzaji akawasha muziki. Vioo vya duka vikatetemeka, kaka akatikisa kichwa kama amefunuliwa jambo. Nikaomba nisikie mtu akizungumza. Taarifa ya habari, tangazo, chochote.

"Dada, hii imeandikwa wati elfu kumi," muuzaji akasema. "Unataka kusikia taarifa ya habari?"

"Ndiyo."

Kaka akaninong'oneza nisimtie aibu. Tukalipa.

Nyumbani ikafungwa, spika tano na sabufa yake, sebule ikawaka bluu. Mtangazaji wa mpira akasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Mpira ukipigwa, meza inaruka, lakini nani kaupiga hujui. Tukamwita baba. Akakaa dakika kumi, akasema, "Nzuri. Mungu awazidishie," akarudi chumbani.

"Umemsikia? Ameipenda," kaka akasema.

"Aliyekipenda kitu anainuka?"

"Amechoka tu."

Wiki iliyofuata nikaweka sikio kwenye spika mbili za nyuma. Kimya. Ndipo nikachukua bisibisi na kukutana na lile zege. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikapiga picha, nikamtumia kaka. Mnajua alinijibu nini?

"Hiyo ni ya kuzuia mtikisiko."

Spika haina kitu ndani, itatikisika nini?

Zamu yangu ikafika. Nikaenda kwa fundi redio mmoja mwenye kichumba kilichojaa mashine zilizopasuliwa tumbo. Yeye hakuniambia ninyanyue kitu. Aliniuliza, "Mzee anasikiliza nini?"

"Mpira na tamthilia."

"Basi anataka maneno. Huna haja ya makelele."

Akatoa mashine kuukuu ya kukuzia sauti, yenye mikwaruzo, na spika tatu za mbao. Akazifungua zote mbele yangu. Akanionyesha sponji ya ukingo wa spika aliyoibadilisha mwenyewe, na nyingine ambayo alisema itachoka baada ya mwaka mmoja au miwili, nisije nikasema sikuambiwa. Kisha akaweka taarifa ya habari. Msomaji alisikika hadi pumzi anayovuta kabla ya sentensi. Nikasema, fungasha.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga, kwa mchoro alionipa. Waya wa king'amuzi ukaingia kwenye mashine, mwingine ukapeleka picha kwenye televisheni. Nikamwita kaka aje, na sababu yangu ilikuwa moja tu, nimwone akishindwa.

Kaka akaja. Baba naye akaja akakaa, akasema, "Hii nayo nzuri." Hakuuliza swali hata moja. Kesho yake akaja tena bila kuitwa. Kesho kutwa pia.

Jamani, nilivimba. Lile donge la zege nililiweka dirishani sebuleni kila mgeni alione. Picha yake nikaitupa kwenye kundi la ukoo. Sokoni nilihutubia wateja, mtu amekuja kununua sketi anaondoka na somo la spika. Kaka akaacha kupokea simu zangu, nikaona huo ndio ushindi wenyewe. Wiki tatu nzima hakuna aliyepumua.

Jumamosi moja nikawahi kurudi kutoka sokoni, jua bado kali. Kutoka nje nilisikia mpira, sauti safi, kila neno mahali pake. Nikatabasamu. Nikafungua mlango wa sebule.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameelekeza uso kwenye televisheni. Wanangu walikuwa wamefagia na kusogeza meza, wakaenda zao kucheza. Ule waya wa picha ulikuwa unaning'inia nyuma.

Televisheni ilikuwa nyeusi tii.

"Ni wewe, mwanangu?" baba akasema. "Njoo tutazame. Leo picha iko safi kabisa."

Nilibaki pale mlangoni. Mkoba ulinishuka begani nikauacha uanguke.

"Wamevaa jezi gani, baba?"

"Zao zile zile."

"Baba, televisheni haina picha. Waya umechomoka."

Mtangazaji aliendelea kueleza kona inavyopigwa. Baba akapapasa mkono wa kiti akitafuta rimoti apunguze sauti. Ilikuwa juu ya kigoda mbele yake, peupe kabisa. Mkono wake ulipita pembeni mara mbili.

"Usimwambie kaka yako," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake nikalia. Alinishika kichwa na kuniambia nisilie, haumwi popote. Masikio yake yalikuwa mazima siku zote. Tangu mwanzo alikuwa akiuliza yale yanayoonekana, sisi tukamwongezea sauti. Spika za fundi zilimpa tu maneno safi ya kufuatia mchezo bila kuuliza.

"Sasa kwa nini ulituambia masikio?"

"Mzee akiwa haisikii dunia, watu wanapaza sauti tu," akasema. "Akiwa haioni, wanamnyang'anya kisu na sindano. Nisiposhona viatu nitakaa nifanye nini?"

Viatu alikuwa anavishona kwa vidole. Mikononi alikuwa na vidonda vya kisu na sindano, akaniambia ni vya ngozi ngumu, na mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa na shughuli kubwa ya kumsuta kaka.

Nilimpigia kaka saa ile ile. Alipokea baada ya simu ya nne. Nikamweleza kwa maneno machache, naye akasema, "Jumatatu tumpeleke hospitali." Jumatatu tulikuwa hospitali, mmoja kulia mwa baba, mwingine kushoto.

Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na kitundu cha mwanga, na dawa ya matone itajaribu kukilinda hicho kitundu. Lililokwenda halirudi.

"Dalili zilianza lini?" daktari akauliza.

Kaka akanitazama. Nikahesabu, nikamwambia. Miezi saba.

"Mngemleta mwanzoni tungeokoa zaidi," daktari akasema, bila hata kutugombeza. Afadhali angetugombeza.

Najua wengine mmesoma hadi hapa mkitaka jibu, ununue mpya au iliyotumika. Iliyo nzuri ni ile utakayofunguliwa uione ndani na kuisikia ikisema maneno. Nimemaliza. Sina hamu ya ubishi huo tena.

Ila kama mzee wako ameanza kuuliza sana, au ameanza kukaa peke yake chumbani, usikimbilie duka. Mpeleke akapimwe, macho na masikio, na ukae naye umsikilize kabla hujamjibu. Ukiona unafurahia kumshinda ndugu yako kuliko kumsaidia mzazi wako, ujue umeshapotea njia kama mimi.

Ile siku ya kutoka hospitali nilimuuliza baba kwa nini alizisifia spika za kaka na zangu pia. Akasema hakutaka watoto wake wagombane kwa ajili yake.