Nguruwe Kwenye Kaseti Yetu

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuonekana tena, radio kaseti zilianza kuingia Sumbawanga kupitia mpaka wa Zambia pale Kasesya, zimefichwa ndani ya mablanketi na katikati ya majora ya vitenge. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, binti wa miaka ishirini na kitu niliyeishi kwa mama yangu pembeni mwa mji. Radio yangu ilikuwa ndogo, nyekundu, ya spika moja. Niliipenda kuliko mchumba niliyekuwa naye wakati huo, na mchumba mwenyewe alilijua hilo.

Wapenzi wa muziki tulikuwa watatu, mimi na wenzangu wawili. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanaume mrefu, mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari. Alikuwa na kaseti nyingi kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, za bendi za Zaire na za Dar es Salaam, amezipanga kwenye boksi la dawa. Aliazimisha kwa moyo mweupe lakini kwa masharti. Ndani ya kila kava aliweka kikaratasi kwa mwandiko wake wa kazini: “Upande A, mara mbili kwa siku. Upande B, baada ya chakula.” Nilidhani ni utani mpaka nilipomrudishia albamu moja kabla ya wiki kuisha, akaniuliza bila kutabasamu kwa nini sikumaliza dozi.

Wa pili alikuwa muuza vitenge sokoni, msichana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihama na ng’ombe zao wakaweka boma bondeni, upande wa Muze. Yeye alivuka mpaka mara kwa mara kufuata mzigo, na kila akirudi alileta kaseti za Zambia ambazo kati yetu hakuna aliyeelewa maneno yake.

“Maneno ya nini?” alikuwa akisema. “Sikiliza gitaa.”

Huyu aliazimisha kaseti kwa yeyote aliyemchekea, na zilirudi, zile zilizobahatika kurudi, zikinuka dagaa. Daktari alizipangusa kwa pamba na spiriti kabla ya kuziweka kwenye radio yake.

Wazo la kutengeneza kaseti yetu wenyewe lilikuwa la daktari. Tulikuwa na kaseti tupu moja tu. Kila mtu achague nyimbo nne anazozipenda kuliko zote, tuzirekodi kwa mfuatano mzuri, kisha tuwe tunapokezana. Kuchagua kulichukua wiki tatu. Tuligombana kuhusu wimbo wa kwanza mpaka muuza vitenge akasusa, akarudi siku ya pili akiwa na orodha mpya ya nyimbo saba.

Radio ya kaseti mbili hatukuwa nayo. Njia pekee ilikuwa kuziweka radio mbili juu ya meza zikitazamana, moja ikipiga, nyingine ikirekodi kwa maikrofoni yake ndogo, na juu yake kufunika blanketi zito, kama mtu anayejifukiza. Kila kilichosikika ndani ya nyumba kingeingia kwenye kaseti. Kwa hiyo tulichagua Jumapili baada ya misa, na nikaenda kumwomba mama anyamaze.

“Ninyamaze nyumbani kwangu?” aliuliza.

“Saa moja tu, mama.”

Mama alikuwa mjane, mkulima, na sauti yake ilimfikia mtu aliyekuwa shamba la pili bila yeye kujitahidi. Lakini alimheshimu daktari, ambaye alimwamkia vizuri na kumuuliza habari za goti. Akakubali. Akatandaza ulezi wake kwenye mkeka uani ili upate jua, akakaa pembeni na ungo, akawa anapepeta polepole kama mtu anayeiba. Jirani alipofika akafungua mdomo kupiga hodi, mama alimkimbilia akamfunga kinywa kwa kiganja. Yule jirani alikaa nusu saa nzima bila kujua ni nani amekufa.

Nyimbo tano ziliingia salama. Tulikaa kuizunguka meza tukipumua kwa zamu. Wimbo wa sita, wa mwisho upande A, ulikuwa chaguo la daktari: ule ambao waimbaji wananyamaza na gitaa linabaki peke yake muda mrefu. Daktari alikuwa amefumba macho.

Ndipo nguruwe wa jirani alipoingia uani.

“Nguruwe!” mama alinipigia ukelele. “Nguruwe kwenye ulezi! Na wewe uliyesomeshwa na masista umekaa tu unaangalia blanketi!”

“Mama, tafadhali,” daktari alinong’ona, “tunarekodi.”

“Rekodini na hii!” mama alijibu, na ungo ukatua mgongoni kwa nguruwe. Nguruwe akalia mara tatu. Kwa bahati ambayo sijawahi kuielewa, alilia sawasawa na mapigo ya ngoma, na mara ya tatu waimbaji wakarudi.

Daktari aliweka kichwa mezani. Muuza vitenge alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yakitikisika. Kurudia hatukuweza, kwa sababu betri zilikuwa zimeanza kuchoka na sauti ya mwimbaji ilikwisha kuwa nzito kama ya mzee. Tukamaliza upande B hivyo hivyo, na mama akaomba radhi kwa kumkaangia daktari mayai.

Zamu ya kwanza kukaa na kaseti ilikuwa ya muuza vitenge. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Aliipiga kibandani kwake sokoni kutwa nzima, na wateja wakaanza kuomba kunakili. Mimi nilidhani watataka nyimbo. Walitaka ile sehemu. Baada ya miezi michache mtu akikutana na mshikaji wake sokoni haulizi tena mambo, anasema “Rekodini na hii!” na mwenzake anajibu kwa mlio wa nguruwe, mara tatu. Mgambo wa halmashauri wakitokea kona ya juu, kilio kilipita kibanda hadi kibanda: “Nguruwe kwenye ulezi!” Biashara zikafunikwa kabla hawajafika.

Mama hakujua. Alienda sokoni mara chache, na mimi nilijitolea kwenda kwa niaba yake kwa bidii iliyomshangaza. “Umeanza kuwa na akili,” aliniambia, nami nikaona aibu.

Kisha mpwa wake akawa anaolewa Namanyere, tukapanda basi pamoja. Tulikuwa hatujatoka mbali na mji dereva alipoweka kaseti. Niliitambua kwa kikohozi cha daktari mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza. Nilimfuata kondakta.

“Kaka, hamna kaseti nyingine?”

“Dada, hii ndiyo kaseti ya gari. Tukiitoa abiria watatushusha sisi.”

Nikarudi kwenye kiti. Wimbo wa pili. Wa tatu. Nilimuuliza mama habari za ukoo wote wa bwana harusi, mpaka mababu. Wimbo wa tano nilimwambia nasikia kichefuchefu, akanipa limau. Kisha gitaa likabaki peke yake, na basi zima, kina mama wenye watoto mgongoni, mzee mwenye kofia ya sufu, dereva mwenyewe, wakavuta pumzi na kupaza sauti pamoja:

“Nguruwe! Nguruwe kwenye ulezi!”

Mama aligeuza kichwa polepole kuelekea spika. Alisikiliza mpaka mwisho, na ungo, na nguruwe.

“Huyo mama hana adabu,” akasema. “Kupiga kelele katikati ya wimbo wa watu.”

Kumbe mtu haijui sauti yake mwenyewe! Nilitikisa kichwa kukubaliana naye kwa moyo wangu wote. Tulikwenda hivyo kitambo, mimi nikimshukuru Mungu kimyakimya, hadi nilipomwona anahesabu kitu kwenye vidole.

“Masista,” alisema. “Blanketi.” Akanigeukia. “Ule ni ulezi wangu.”

“Mama, nisikilize...”

“Mmenitembeza mpaka Namanyere, na mimi niko nyumbani napepeta!”

Alisema kwa sauti yake ile ya shambani. Mzee wa kofia ya sufu aligeuka kwanza, kisha wote. Kondakta alimkodolea macho mama yangu kama aliyeona mtakatifu ameshuka kutoka kwenye picha ya ukutani.

“Ni yeye,” akasema. “Jamani, ni mwenyewe.”

Nilitaka sakafu ya basi ipasuke. Lakini mwanamke mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na mtungi wa samli miguuni aliinuka akapiga goti kidogo, akamwamkia mama, kisha akauliza swali ambalo, nilikuja kujua, watu walikuwa wakibishana kwa miezi.

“Mama, samahani. Nguruwe alikula kiasi gani?”

Mama alitazama nyuso zote zile. Niliona hasira inamtoka.

“Robo ya mkeka,” alijibu. “Na alirudi Jumanne.”

“Na blanketi lilikuwa la nini?” akauliza mwingine.

“Muulizeni huyu msomi.”

Akaamuru kaseti irudishwe nyuma. Waliirudisha mara nne kabla ya Namanyere. Harusini bibi harusi alikuwa mzuri sana, lakini foleni ndefu ilikuwa mbele ya mama.

Baada ya hapo alituita wote watatu Jumapili iliyofuata. Tulidhani tunakwenda kugombezwa. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, akakaa mezani mbele ya radio, akasema yuko tayari kwa kaseti nyingine. Tukarekodi. Gitaa lilipofika peke yake, alikohoa, akanyoosha shingo, akatamka taratibu kama anayesoma somo la kwanza kanisani: “Nguruwe. Nguruwe kwenye ulezi.” Daktari alisikiliza, akamwambia kwa upole kwamba haikuwa kama ile ya kwanza. Mama alinuna siku mbili.

Lakini ugonjwa wa kaseti ulikuwa umemshika. Alianza kuazima kaseti za daktari, moja moja, na kuzirudisha na maoni. “Huyu analia nini?” alimuuliza kuhusu mwimbaji mmoja tuliyemwabudu. “Kama ameachwa, si akalime?” Daktari, ambaye hakuwahi kunijibu mimi kwa zaidi ya maneno kumi, alibishana naye uani hadi ugali ukapoa.

Mwaka huo huo mama alitengeneza kaseti yake, peke yake, mimi nikiwa kazini. Ilianza na wimbo wa kwaya ya parokia, ikafuata rumba, kisha matangazo ya vifo ya redioni, kwa sababu alipenda jinsi mtangazaji alivyotamka majina ya watu, kisha rumba tena. Alimpa daktari akae nayo wiki moja. Alipoirudisha, mama alisimama mlangoni mikono ikiwa kiunoni akingoja.

“Vifo vimekaa vizuri,” daktari alisema baada ya kufikiri. “Ila mama, ile rumba ya pili ingetangulia.”

“Ingetangulia wapi?” mama akasema. “Ingia ndani, ukae, unieleze.”