Mkate wa Mnadani

Iko Jumapili moja ambayo hainitoki, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka kwanza ndipo naona haya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Siku za kazi nilikata maua ya waridi kwenye shamba moja kule Usa River, na jioni nikirudi nyumbani kwetu, huku juu kwenye mteremko wa Meru, nilijaribu kuoka mkate wa ndizi mbivu kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nilitaka kitu changu mwenyewe pembeni ya ajira, kama unavyotaka wewe sasa.

Kanisani kwetu, asiye na fedha mkononi alitoa alichonacho: mayai, kabichi, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha, vitu hivyo vilinadiwa pale nje, na fedha yake ikawa sadaka. Jumapili hiyo nilitoa mkate wangu wa kwanza ulioiva vizuri. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akauinua juu kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa.

"Binti wa Loishiye ameoka mpaka nyusi zimeungua! Nani anaongeza? Mzee Lomayani, unakubali mkate huu ushuke mjini sisi tukitazama?"

Watu wakacheka, bei ikapanda. Mzee Lomayani, rafiki wa baba, akauchukua kwa bei ya mikate mitano ya dukani. Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu pia. Mwanangu, kichwa kikanivimba. Usiku nilijiona nimesimama nyuma ya kioo, watu wamepanga foleni hadi barabarani.

Nikatafuta fremu, chumba cha duka, mjini Kijenge, nikaipata. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Fedha hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na mtamba mmoja mwekundu, ambaye baba alinizawadia nilipofikisha miaka ishirini, na ndiye peke yake aliyekuwa mali yangu duniani. Nikapata mnunuzi, angekuja Alhamisi. Ilibaki kumwambia baba, na kwetu jambo zito namna hiyo huendi nalo kwa baba peke yako. Unamtafuta rafiki yake akusemee. Nikaenda kwa Mzee Lomayani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa mikate. Kaa."

Nikamweleza yote: fremu, mtamba, Alhamisi. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaninyooshea kikombe cha chai. Kujipa moyo, nikauliza, "Mkate lakini ulikuwa mtamu, mzee?"

"Sijui."

"Si umenunua wewe, Jumapili zote tatu?"

"Mimi nina kisukari, mwanangu. Wa kwanza nilimpa jirani. Wa pili walikula wajukuu. Wa tatu nadhani bado uko kabatini."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Upo! Umeota ukungu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka, akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyeanguka.

"Sikia. Mimi pale nilikuwa namtolea Mungu, na nilikuwa namheshimu baba yako. Hata wangeleta kuku mwenye mguu mmoja, ningempandishia bei. Sasa wewe unataka kumuuza ng'ombe kwa ajili ya sadaka yangu? Nikiwa safarini utamuuzia nani?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mwambie mnunuzi asubiri. Jumamosi oka mikate minne tu, kwa sufuria hiyohiyo. Ipeleke mahali ambapo hakuna anayemjua baba yako, wala anayekupenda. Halafu urudi, tuzungumze habari za ng'ombe."

Jumamosi nikashuka mjini, mtaa wa Sokon One, nikaomba kukaa kando ya mama mmoja aliyewauzia mafundi chai. Saa nzima walinipita kama jiwe. Kisha fundi mmoja wa kuchomelea akanunua kipande, akatafuna polepole.

"Dada, hii ni keki au mkate?"

"Mkate wa ndizi."

"Sasa sukari yote hii, na chai ya mama nayo ina sukari, unataka tung'oke meno?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema kipande ni kikubwa, yeye anataka kidogo cha kumalizia kikombe. Nilirudi na mikate miwili na nusu, nikapanda mlima nikilia. Lakini kabla sijaondoka, kijana mmoja nisiyemjua kabisa alirudi mara ya pili, akaomba afungiwe kipande ampelekee mkewe. Huyo hakuwa na sababu yoyote ya kuninunulia ila mkate wenyewe.

Nikapunguza sukari. Nikaoka kwenye makopo madogo. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata, huku nikikata maua Jumatatu hadi Ijumaa. Mwezi wa tatu wa kuuza, yule mama wa chai ndiye aliyeniomba nimletee kila siku. Mtamba hakuuzwa. Alizaa mwaka huohuo, na maziwa yake nikaanza kukandia unga. Duka nilikuja kulifungua baadaye sana, kwa fedha ya mikate yenyewe, na baba alikuja kukata utepe bila kujua kamwe jinsi ng'ombe alivyoponea chupuchupu.

Ninyi leo mnada wenu uko kwenye simu. Unaweka picha ya juisi yako, marafiki wanakuwekea mioyo, shangazi anaandika "hongera mwanangu, utafika mbali", nawe unakwenda kuulizia kodi. Wapokee kwa shukrani. Ni upendo huo, na upendo ni chakula. Ila usiukodishie fremu. Anza na kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi. Azima sufuria, azima meza. Nenda kwa wageni, wakikucheka wasikilize mpaka mwisho, maana ndani ya kicheko chao kuna maelekezo ya bure. Rekebisha kitu kimoja, rudi tena. Na ajira yako usiiache mpaka kazi ya pembeni iwe imekulisha kwa muda mrefu.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na jiko lako, akukutanishe na mtu asiyekujua, akuambie ukweli mchungu leo, na kesho arudi kununua.