Rungu la Kilo Liburd

“Siku rungu la baba yangu litakapogusa mpira tena, mtakuwa mmeshanizika.” Eneida Liburd aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku uwanja wa besiboli wa kambi ya miwa ulipopewa jina la baba yake, na watu wakampigia makofi kama mgombea udiwani. Walidhani ni heshima. Kumbe ni woga.

San Pedro nzima ilimjua Kilo Liburd, mpigaji ambaye mipira yake ilipotelea kwenye miwa ikaja kuokotwa wakati wa mavuno. Rungu lake lilining'inia dukani kwa Eneida, juu ya chupa za ramu, na hakuna mchezaji wa kambi aliyekwenda uwanjani bila kuligusa kwa vidole viwili. Wasio na kipaji ndio waliogusa sana. Eneida peke yake alijua alichonong'onezwa na mzee kabla hajakata roho: kichwa cha rungu kilitobolewa, kikajazwa vizibo vya chupa, kikazibwa kwa gundi. Likawa jepesi, likazunguka upesi. Sheria inakataza katakata.

Sasa ni fainali dhidi ya timu ya La Ceja, zamu ya mwisho ya kupiga, matokeo sare, mkimbiaji wa kambi yuko kituo cha tatu, kimebaki kimoja tu afunge bao, na rungu lao la mwisho limepasuka. La Ceja wamegoma kuwaazima. Nelo, nahodha wa kambi, akapanda jukwaani alikokaa Eneida.

“Mama Eneida, tupe la Mzee.”

“Kuni ziko jikoni kwangu. Chagua.”

“Watu wote wanakuangalia, Mama.”

Kweli walikuwa wanamwangalia, na walishaanza kuimba jina la Kilo. Akizidi kukataa wangeuliza kwa nini. Akatoa ufunguo wa duka.

Rungu lilipofika, akamshika mkono Toribio, mpigaji. “Jina lililochomwa hapa liangalie juu. Ukiligeuzia mpira, mti unavunjika.”

“Mama, mimi nimezaliwa na rungu mkononi.”

“Basi mama yako nampa pole.”

Toribio akasimama kwenye kibao cha nyumbani, pa kupigia. Kisha, kwa majivuno tu, akaligeuza jina limtazame mrushaji, ajue anapambana na nani. Eneida akaona.

Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukaja, na mti ukalia kama mfupa. Mpira ukaelea juu ya vichwa vya walinzi, ukadondoka kwenye nyasi. Mkimbiaji akaingia nyumbani: bao la ushindi. Kichwa cha rungu nacho kikaanguka miguuni pa refa, vizibo vikamwagika kama bisi.

Kambi yote ilikuwa inambeba mkimbiaji. Mdakaji wa La Ceja ndiye aliyeinama.

“Refa, hivi ni nini?”

Refa Fermín, ambaye ujanani aligusa rungu hilo kila Jumapili na bado hakupiga kitu, akamtazama Eneida. Akatoa burashi yake ya kupangusia kibao, akachuchumaa, akafagia taratibu, vumbi na vizibo pamoja.

“Takataka,” akasema. Bao likabaki.

Jumatatu mpini uliovunjika ulikuwa msumarini pale pale. Mdakaji wa La Ceja akaingia, akaweka kizibo kimoja kaunta.

“Mama, hiki cha chupa gani?”

Eneida alikuwa anautazama mkono mwingine wa mdakaji, ambao ulishapanda wenyewe juu ya rafu, vidole viwili kwenye mpini.

“Cha ramu ya zamani,” akasema. “Chupa peso mia tisa.”