Mti wa Mumbi

Novemba ya mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Mbinga kugombea kahawa yetu, sisi wa Kitura tulipoteza sauti ya mumbi.

Ni ndege mkubwa mweusi, anamfikia mtoto kifuani, mwenye ngozi nyekundu shingoni, anayetembea zaidi kuliko kuruka. Alfajiri dume na jike walikuwa wakiitikiana kwa sauti nzito, kama mtu apulizaye mtungi mtupu, mvumo ukishuka mpaka kwenye mashimo ya ngolo tuliyolima mteremkoni ili yashike maji na udongo. Watu husema dalili ya mvua ni mawingu; kwetu dalili ilikuwa mumbi. Wakilia mfululizo, bibi yangu aliteremsha mbegu za mahindi kutoka darini, juu ya meko. Kumwua mumbi ulikuwa mwiko.

Mwaka huo baba aliuza kahawa vizuri, akafyatua matofali ya nyumba yetu ya kwanza ya tofali za kuchoma. Tanuri lilikuwa limepangwa na kuni hazijatosha, mumbi wakaanza kulia. Baba aliwaamini. Matofali mabichi yakinyeshewa hurudi kuwa udongo, na mti mkubwa wa karibu ulikuwa ule myombo wenye pango, ambamo jike alikuwa akiatamia.

“Baba Agata, ule mti una wenyewe,” bibi alimwambia.

“Mama, mwiko ni kumwua. Mimi simgusi. Ninakata kuni.”

“Na mimi nikiibomoa nyumba yako, nitakuwa sijakugusa?”

Fundi wa tanuri akadakia. “Bibi, siku hizi ni biashara huria. Mumbi naye akapange chumba Kitai.”

Tulicheka sote, hata bibi kidogo. Mti ulianguka mchana. Jike aliwahi kutoka. Mayai mawili yalipasukia pangoni. Tanuri likawashwa jioni ile ile.

Nyumba ingali imara, nami ndiye ninayeishi humo. Ni nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini tunapanda kwa kubahatisha, maana redio hutabiri mvua ya mkoa mzima, si ya mteremko wetu. Wajukuu wangu hawajamwona mumbi.

Wale mumbi wawili walirudi asubuhi iliyofuata baada ya mti kukatwa. Walikizunguka kisiki kwa miguu, polepole, bila kulia. Kisha wakateremka bondeni, dume mbele, jike nyuma, na bibi akasimama mlangoni mpaka nyasi zikawafunika. Baba alikuwa akiziba nyufa za tanuri kwa udongo. Hakugeuka.