Pumua, Akinyi

Miwa ikichomwa Awendo, harufu yake huingia hadi kwenye uji. Msimu ule wa mwisho wa shule ya msingi, majivu meusi yalitua uwanjani kila asubuhi, nasi wasichana wa timu tulikimbia humo humo, tukitema mate meusi na kuchekana. Hakuna aliyemfikia Akinyi kwa mbio. Mimi niliyecheza nyuma yake nilikuwa na kazi moja tu, kumpigia mpira mbele kisha kusimama nimtazame. Shule moja ya sekondari ya Homa Bay ilikuwa inatafuta mchezaji wa kumsomesha bure, na sote tulijua ni yeye. Njia nyingine ya kwenda sekondari hakuwa nayo. Alilelewa na nyanya yake, tuliyemwita Dani, ambaye alikata miwa katika mashamba ya watu.

Kocha wa shule hiyo alitoka mbali, hakujua neno la Kijaluo. Alisema mbio za Akinyi ameziona na zimemtosha, sasa anataka kuona pumzi. Akapanga koni pande mbili, tukawa tunakwenda na kurudi kwa kufuata filimbi, nayo filimbi ikizidi kuharakisha. Anayesimama ametoka. Wenzetu walitoka mmoja mmoja hadi tukabaki wachache. Akinyi alikuwa kando yangu, amekaza meno na kuibana pumzi, lakini miguu bado ilikuwa na nguvu. Kocha akataka kumsaidia. "Pumua, Akinyi. Pumua." Sasa, kwa Kijaluo kupumua na kupumzika ni neno moja, yweyo, na Kiswahili chetu kilikuwa Kijaluo kilichobadilishwa nguo. Akinyi akasimama. Aliinama, mikono magotini, akatabasamu kwa shukrani, akidhani amepewa mapumziko kwa ajili ya mbio zake. Mimi sikuitwa jina, nikaendelea kukimbia.

Kesho yake Dani alikuja shuleni, masizi ya shamba bado yako kwenye leso yake. "Mwalimu, wewe uliambia huyu mtoto apumzike," alimwambia kocha kwa upole. "Yeye akapumzika." Kocha alicheka, akajibu kwamba ndani ya mechi hakuna kupumzika. Jina lililokwenda Homa Bay lilikuwa langu, na furaha yake sikuwahi kuionja yote.

Siku hizi nafundisha wasichana mpira huko huko Homa Bay. Filimbi inatoka kwenye simu, na mimi mwenyewe sikimbii tena, napiga kelele tu. Neno pumua silitumii. Mwezi uliopita nilirudi Awendo, nikamkuta Akinyi akikata miwa kama Dani. Alinisindikiza barabarani na mzigo wa kuni kichwani, na kwenye mwinuko mdogo nikaanza kuhema. Akageuka, akaniangalia bila hasira. Sisi wawili huzungumza Kijaluo siku zote, lakini hapo alisema kwa Kiswahili, "Pumua." Nikasimama. Yeye akaendelea kupanda na kuni zake, wala hakuhema.