Nusu Kidonge

Juzi, kwenye duka jipya la dawa Makambako, mama mmoja kutoka Njombe alinunua vidonge vya kuzuia damu kuganda, akataka vikatwe nusu. Muuzaji akacheka.

“Mama, nusu ni ya mtoto. Na mwili wote huo?”

Mama akaweka kikapu chini taratibu.

“Dada yangu wa tumbo moja alimeza kizima, akatokwa damu puani mpaka akalazwa. Daktari kanipima, kasema ukoo wetu dawa hii inatukolea upesi, na figo zangu zimechoka. Kata.”

“Wenzako wote wanameza kizima.”

“Wameze. Wewe kata.”

Muuzaji akachukua wembe, akakata. Siku hizi biashara ni huria, na duka lile linauza kila kitu, lakini figo sijaziona kwenye rafu.