Ami Aliyekataa Kuniuzia Bunduki

Jumanne nilipigiwa simu kwamba Ami wa Harrow, hapa London, amefariki, na wasomaji wangu wa siku nyingi watanisamehe nikikiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia, baada ya innalillahi, kilikuwa bunduki. Nilimwita Ami kwa heshima tu. Hatukuwa na udugu. Alikuwa Mzanzibari, karani mstaafu, mpole wa kukera, na kila Jumamosi akivaa buti za mpira na kwenda kwenye shamba la Mzungu mmoja nje ya London kuwapiga njiwa waliokuwa wakila mazao. Njiwa wenyewe walikuwa salama kabisa, maana macho yake yalishakwisha.

Basi, mwishoni mwa miaka ya tisini nikamwambia aniuzie ile bunduki yake ya marisau. Akaniuliza, "Cheti cha polisi unacho?" Sheria ya hapa haijali kama muuzaji ni duka au ni rafiki yako: mnunuzi lazima awe amechunguzwa kwanza. Nikacheka. "Ami, mimi na wewe? Tumefuturu sinia moja miaka kumi." Akanitazama juu ya miwani. "Binti yangu alipoposwa, niliulizia ukoo wa kijana mpaka Pemba, na yule kijana nilikuwa nampenda. Bunduki ndiyo nisiulize?"

Nikaomba cheti kwa hamaki, na kwa ujinga wangu nikamwandika yeye awe shahidi wa tabia yangu. Akaandika kwamba mimi ni mkarimu, mkweli, ila nina hasira za karibu. Polisi akaja nyumbani. Mke wangu akamkaribisha chai na kaimati, akamwambia bila kuulizwa mara mbili, "Ni mtu mzuri sana. Geti la jirani alilivunja kwa sepetu, lakini alilitengeneza mwenyewe." Nikanyimwa cheti. Mwaka mzima sikumsemesha Ami. Msikitini nikiona viatu vyake mlangoni, vyangu naviweka mbali.

Halafu mchana mmoja jirani yuleyule akaegesha gari mbele ya geti langu, na nilipomwomba aliondoe akaniambia nirudi kwetu. Niliingia ndani, nikafungua kabati la chini ya ngazi, nilimokuwa nimepanga kuiweka bunduki ya Ami, nikapapasa gizani. Mkono ukashika ufagio. Nilijua vizuri mkono ule ulikuwa unatafuta nini. Nikakaa sakafuni na ufagio wangu, nikaona haya mbele ya Mungu. Sisi tunaosema hasira hasara huwa tunadhani tunawaambia wengine.

Saa ileile nikapanda basi mpaka kwa Ami, nikamweleza yote. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Basi viatu vyako utavirudisha karibu na vyangu?"

Watu wa kwetu tunajivunia kujuana, na karatasi za serikali tunaziona ni za watu wasioaminiana. Mimi nilidhani anayekujua hakuulizi. Ami aliniuliza kwa sababu alinijua, na kwa kuniuliza kwake jirani yangu yu hai, nami nalala kwangu.

Jana mwana wa Ami alinipigia: bunduki iko polisi, je, ningependa kujaribu tena kuomba cheti? Mke wangu alikuwa anatusikia kutoka jikoni. "Mwambie geti la jirani bado limepinda," akasema. Nikamwambia hivyohivyo.